Gauni la Bibi Lililokuwa Sandukuni

Tarehe tisa Machi, mvua zikiwa bado hazijakatika, mama yangu alifariki nyumbani kwetu Kanyenye, Tabora. Kifua kilikuwa kikimsumbua tangu Krismasi. Asubuhi hiyo nilikuwa namnywesha uji kwa kijiko, akafunga mdomo, nikadhani ameshiba. Nikaweka bakuli chini, nikamfuta kidevu. Ndivyo ilivyokuwa, sina la kuongeza.

Aliacha meza ya mitumba sokoni, ambayo tulikuwa tukikaa wote wawili na sasa nakaa peke yangu. Aliacha pia sanduku la bati, na ndani yake gauni jeupe ambalo ukoo mzima tuliliita gauni la bibi.

Habari za gauni hilo nimezisikia tangu nikiwa mdogo. Bibi yake mama alilelewa misheni, akiwalea watoto wa mchungaji wa Kijerumani. Alipoolewa, mke wa mchungaji alimpa gauni lake mwenyewe jeupe. Reli ilikuwa haijafika Tabora, kwa hiyo gauni lilikuwa limetoka pwani kichwani mwa mpagazi, ndani ya sanduku, njia ileile waliyopita wapagazi wote na vitambaa vyao. Bibi huyo akaolewa nalo. Binti yake akaolewa nalo. Kisha mama yangu; mimi sikufunga ndoa ya kanisani. Dada yake mama, ambaye mimi namwita mama mkubwa, yeye hakulivaa. Aliolewa Choma, Igunga, kwa ng'ombe, na mume asiyekwenda kanisa lolote, na siku ya harusi yake alivaa kitenge. Kwa vile mama aliolewa baadaye kanisani, gauni lilibaki kwake. Lakini kwa utaratibu wa kwetu halikuwa lake. Lilikuwa la ukoo, na mama akiondoka lingekwenda kwa dada yake.

Siku ya arobaini tuligawa nguo. Ziliwekwa juu ya mkeka uani, zimefuliwa na kuanikwa, vitenge upande mmoja, magauni upande mwingine, viatu mwisho. Kwetu kinachogawiwa ni kile kilichokuwa cha marehemu mwenyewe. Kitu alichoazima kinarudishwa kwa mwenyewe, na kitu alichotunza kwa niaba ya ukoo hakiguswi. Wanawake walianza kwa kulia, wakamaliza kwa kuchekana, kama kawaida. Wifi yangu alijaribu viatu vyeusi vya mama vya kanisani.

"Miguu hiyo?" jirani akamwambia. "Utavipasua viatu vya marehemu, aje akudai usiku."

"Aje tu, nitamwonyesha ulivyomnyima sukari."

Mama mkubwa ndiye aliyestahili kuchagua kwanza, maana ndiye mkubwa. Alikaa kwenye kigoda, fimbo magotini, hakunyoosha mkono. Walimpa kitenge kizuri cha rangi ya zambarau, akakirudisha mkekani.

"Gaweni," alisema. "Mimi langu liko sandukuni."

Watu walipoondoka tulifungua sanduku, mimi na yeye. Alilitazama gauni muda mrefu bila kulitoa. Akaligeuza kidogo, akagusa mgongo wake, akaliacha. Kisha akaniambia shida yake. Mjukuu wake anaolewa baada ya mavuno, ndoa ya kanisani, ya kwanza katika watoto wake wote na wajukuu. Yeye alikuwa ameshawaambia wakwe kwamba bibi harusi atavaa gauni la bibi wa bibi yake. Wakwe walicheka. Walisema gauni la miaka mia lingekuwa vumbi, na kwamba bibi kizee ameokota mitumba anataka kuwatia mchanga machoni.

"Wewe ndiye mwenye macho ya nguo, mayu," alisema, akiniita mama kwa lugha ya kwetu. "Lichunguze. Niambie ni la wakati gani hasa. Ukisema ni la wakati ule nitawaambia hivyo, na mtu asinicheke tena. Nitakaa hapa mpaka umalize."

Alilala chumba cha mama, kwenye kitanda cha mama.

Kwanza niseme kwamba sikusoma mambo ya nguo popote. Niliishia darasa la saba. Ninachojua kimetokana na kukaa mezani na mama. Robota la mitumba likifunguliwa, yeye hakuangalia rangi wala mtindo. Aligeuza nguo nje ndani. Alisema nguo inajipamba kwa nje, lakini kwa ndani haina aibu. Zipu ya chuma na zipu ya plastiki hazina umri mmoja. Lebo ya jina shingoni, ile iliyofumwa na ile iliyopigwa chapa, hazina umri mmoja. Uzi ukiuchoma ukayeyuka na kuganda kama nta, huo si wa pamba. Kwa nguo za kawaida hayo yanatosha. Kwa gauni hili hayakutosha, ikabidi nitafute picha kwenye simu, zile za makumbusho ya Ulaya. Maelezo yake ni ya Kiingereza na mengi yalinipita, lakini picha za mshono hazina lugha.

Nililitandika juu ya shuka safi mezani, mchana, dirisha likiwa wazi. Kitambaa ni melimeli, pamba nyembamba ambayo mkono unaonekana kwa nyuma yake. Nilitoa uzi mmoja kwenye pindo, nikauchoma kwa kiberiti. Ulinuka kama karatasi, ukaacha majivu laini. Zipu hakuna. Vishikizo vya kubonyeza hakuna. Mgongo mzima unafungwa kwa kulabu ndogo za chuma na vitanzi vya uzi vilivyosukwa kwa mkono, na kila kulabu imeacha doa la kutu kwenye kitambaa, dogo kama punje ya ulezi. Kola imesimama mpaka chini ya masikio. Ndani ya kola kuna vijiti vyembamba vya kuisimamisha, vimeshonewa pembeni. Kimoja kilikuwa kimechomoza ncha. Nilikwangua chembe nikaichoma, ikanuka kama ukwato unaoungua. Si plastiki. Nilisoma baadaye kwamba vilichongwa kutoka kinywani mwa nyangumi.

Kifuani ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Kimekatwa kipana mbele, kitambaa kingi kimekusanywa na kuachwa kining'inie juu ya kiuno, kama kifua cha njiwa. Nyuma kimebana. Ndani, kiunoni, kuna utepe mgumu wa kufunga kwanza kabla ya kufunga gauni, ili mbele pasipande. Sketi imebana nyongani, halafu inafunguka kuelekea chini, na nyuma ni ndefu kuliko mbele, inaburuta. Lesi imeshonwa katikati ya kitambaa, kisha kitambaa cha nyuma yake kimekatwa ili ngozi ionekane. Mikunjo ya mabegani ni myembamba kama njiti. Imeshonwa kwa cherehani, lakini lesi imeshikizwa kwa mkono.

Mikono ya gauni ndiyo iliyonipa miaka. Kwenye zile picha, wanawake wa mwanzo kabisa wa karne iliyopita mikono ya nguo zao imebana juu na kujaa chini, karibu na kiganja, kama mfuko uliofungwa mdomo. Miaka michache baadaye ujazo ukapanda juu, begani. Kisha ukaisha, mikono ikawa myembamba. La kwetu limejaa chini. Wenyewe Uingereza nguo hizi wanaziita kwa jina la mfalme wao aliyetawala miaka michache kabla ya vita vya kwanza. Kwetu hapa ni zama za Mjerumani. Ni wakati uleule wa bibi na watoto wa mchungaji. Kila nilichokishika kilikubaliana na maneno ya mama.

Nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Machi. Nilisema kwa sauti, peke yangu, "Mama, ni kweli." Nikaanza kulirudishia mshono uliofumuka kwenye ule utepe wa kiuno, ili mjukuu asije akachanika kanisani.

Hapo, kati ya utepe na kitambaa, kitu kilinichoma kidole.

Kila muuza mitumba anakijua. Ni kijiuzi cha plastiki kisicho na rangi, kifupi kama ukucha, kina kichwa kama herufi T pande zote mbili. Huko Ulaya, kwenye maduka yanayouza nguo zilizokwishavaliwa, wanakipigilia kwa bastola ndogo ili kishike karatasi ya bei. Karatasi ikichanwa, kijiuzi kinabaki. Nguo isiponunuliwa inaingizwa kwenye robota, robota linapanda meli, na mimi nakuja kukitoa kijiuzi hicho kwa mkasi sokoni Tabora. Nimevitoa vingi mno.

Mchungaji wa Kijerumani hakuwa na plastiki. Mpagazi hakubeba plastiki.

Nilikaa chini. Gauni lilikuwa la zamani kweli, hilo sikulibadilisha wala sasa silibadilishi. Lakini mtu mwingine ndiye aliyelivaa, huko kwao, na wajukuu zake wakalipeleka dukani, na likaja Tabora ndani ya robota. Na aliyelichagua kwenye robota hilo alikuwa mama yangu. Wazee hapa bado wanaziita nguo hizi kafa Ulaya.

Kesho yake nilikwenda sokoni na kichwa kizito. Jirani yangu wa meza anauza makoti. Anauza makoti Tabora, kwenye jua hili, na tunamcheka kila siku.

"Dada, leo umekuja na uso wa robota la daraja la tatu," alisema.

Nilimweleza. Ni mtu wa mdomo mwingi, lakini mama alimheshimu na yeye alimbebea jeneza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Gauni ni la zamani au si la zamani?"

"La zamani."

"Ulichoulizwa ni nini? Ni la wakati gani. Jibu unalo. Kata hicho kijiuzi, mpe bibi gauni lake, apande basi. Nani ataumia?"

"Ataamini ni la bibi yake."

"Ameamini miaka yote hiyo, ana kilema gani?" Alikunja koti, akalikunjua tena. "Ukimwambia, unamvua nguo mama yako mbele ya dada yake. Siku chache tu baada ya arobaini. Mimi nisingeweza."

Mkasi nilikuwa nao kwenye mkoba kutwa nzima. Nilikuwa nafikiria jambo jingine, ambalo nililiona utoto wangu wote bila kuliona. Kila robota lilipofunguliwa, mama alichagua vyeupe kwanza. Wenzake walikimbilia jinzi na magauni ya maua, yeye alivuta mashuka, vitambaa vya meza, gauni za kulalia, akivigeuza kimoja kimoja. Walimwita mama mashuka. Alicheka nao. Na lile sanduku halikufunguliwa mbele yetu mpaka nilipokuwa mtu mzima. Tulipoomba kuona gauni alisema mchwa wataingia. Siku moja akalifungua mwenyewe, bila kuombwa, akatuonyesha. Alikuwa na furaha siku hiyo. Nilidhani ni kwa sababu mdogo wangu wa kiume alikuwa amepata mchumba.

Jioni nilirudi nyumbani. Mama mkubwa alikuwa amekaa barazani, anachambua mchele ambao hakuna aliyemwomba achambue.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Ni la wakati ule?"

"Ni la wakati ule."

Alifumba macho. "Nitawaonyesha wale," alisema. "Vumbi, eti. Wao ndio vumbi."

Nikamwambia, "Lakini si la bibi."

Nililitoa gauni, nikamwonyesha kijiuzi pale pale kilipokuwa. Sikukikata. Nilimweleza kinatoka wapi na kazi yake. Alikishika kati ya kidole gumba na cha shahada, macho yake hayaoni vizuri vitu vidogo, akawa anakizungusha tu. Nilitegemea angelia au angenigombeza. Aliligeuza gauni, akatafuta mgongo.

"Siku ya harusi ya mama yako," alisema, "mimi ndiye niliyemfunga. Nilikuja kutoka Choma na mtoto mgongoni. Nilifunga vifungo. Vidogo, vinateleza, vya gamba gamba. Kwa kila kimoja nilisema moyoni, laiti ningekuwa mimi. Juzi tulipofungua sanduku nikakuta kulabu. Nikajiambia ni uzee, nimesahau."

"Hukusahau."

"Sasa la bibi liko wapi?"

Nilisema sijui, na ni kweli sijui. Nikamwambia kitu kimoja tu ninachokijua. Kabla yangu alizaliwa mtoto, wa kike, huko Igalula, baba alipokuwa akifanya kazi ya reli. Hakumaliza mwaka. Mama hakumzungumzia ila mara moja, wakati na mimi nilipofiwa na wa kwangu. Aliniambia wa kwake walimzika wamemfunga vizuri, kwa kitu cheupe. Nilikumbuka maneno hayo nikiwa nimekaa mbele ya gauni, na sikuwa nimewahi kuyakumbuka kabla ya hapo.

Mama mkubwa alirudisha mkono kwenye sinia la mchele.

"Nilikwenda," alisema. "Nilifika jioni wameshazika. Nikamuuliza, mmemzika na nini? Akasema shuka." Alishusha sinia la mchele chini, polepole. "Hakuwa na shuka. Walikuwa wanalalia blanketi moja la reli, wote wawili. Niliona, lakini siku ile nani angeuliza zaidi?"

Sisemi kwamba ndivyo ilivyotokea. Inawezekana la bibi liliibwa, au liliozea mahali, au mchwa waliingia kweli. Aliyejua amezikwa. Ninachosema ni kwamba sisi wawili tulifikiri jambo hilo moja barazani pale, na hakuna aliyelitamka.

Baadaye aliuliza, "Na huyu mwenye hili, huyo mzungu. Amekufa?"

"Siku nyingi sana, mama mkubwa."

"Alikuwa mwembamba."

"Ndiyo. Alivaa pia kitu cha kumbana."

"Maskini." Alipitisha kiganja juu ya kola. "Na mama yako alimtafuta miaka yote hiyo, hajui hata anamtafuta nani."

Nilimuuliza tufanyeje na wakwe. Nilikuwa naogopa jibu. Kama angeniomba ninyamaze, ningenyamaza kwa taabu. Na kama wangemcheka mbele ya mjukuu wake, ningekuwa nimemletea mimi aibu hiyo, katika umri ule.

"Mjukuu atakodi," alisema. "Igunga wanakodisha, yanang'aa, yana mawe mawe. Wasichana ndiyo wanayapenda. Wakwe nitawaambia la bibi yangu lilipotea. Wacheke. Watanicheka kwa maneno ya kweli, safari hii."

"Kwa hiyo hili libaki hapa?"

Alinitazama kama ninayeuliza upumbavu.

"Siku ya kugawa nguo mimi nilichukua nini?"

"Hukuchukua kitu."

"Kwa nini?"

"Ulisema lako liko sandukuni. La ukoo."

"La ukoo halipo. Umelichunguza mwenyewe, umeniambia. Hili ni nguo ya mdogo wangu. Alilinunua kwa hela yake, akalifua, akalitunza. Basi na mimi nichague kama wengine. Nachagua hili."

Nilienda ndani kuchukua kanga ya kulifungia, nikaitoa chumbani kwa mama. Nilipotoka alikuwa ameshalikunja yeye mwenyewe, vibaya, kola imelala upande. Sikumrekebisha. Nilimuuliza kama nikikate kijiuzi kwanza, kitachoma mtu.

"Nani atalivaa?" alisema. "Kiache."

Alfajiri nilimpeleka stendi, kwenye basi la Igunga. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Nilimshika mkono kupanda ngazi, nikamkalisha dirishani, fimbo nikaiweka ubavuni pake. Mfuko wenye gauni aliupakata. Konda alipita akikusanya mizigo.

"Bibi, lete mfuko niweke buti, ukae vizuri."

"Huu hauendi buti."

"Una nini, mayai?"

"Nguo ya marehemu."

Konda alirudisha mkono. "Pole, bibi," akasema. Mama mkubwa akamjibu kwamba amekwishapoa. Konda akateremka, akapiga ubavu wa basi kwa kiganja, likaondoka.